Mgonjwa wa Kuigiza

Mshonaji alikuwa amekodiwa kuugua. Kazi yenyewe kitu gani? Alale kitandani, ashike tumbo, awajibu madaktari vijana waliokuja kufanya mtihani wa mwisho wa leseni. Kila mmoja akishatoka, mtahini, mama mmoja wa miwani, alimuuliza kama angekubali kutibiwa na huyo. Akisema hapana, leseni hakuna mwaka huu, hata mtu awe na akili kama nini.

Wa nne alipoingia, mshonaji alihisi damu inamchemka. Bwana Gesi! Ndilo jina alilompa tangu msiba. Mdogo wake alipokuwa akijikunja wodini kwa maumivu, huyu, wakati huo daktari mwanafunzi, alisimama mlangoni, macho kwenye simu, akasema, "Gesi tu hiyo dada, kunywa maji." Usiku ule kidole tumbo kikapasuka. Wakazika.

Mama yao ndiye aliyewatuliza. "Mtoto wa watu hakujua. Tumsamehe." Mshonaji akaimeza hasira, ikamkaa kooni mpaka leo. Na leo, jamani, Bwana Gesi kaingia anga zake mwenyewe, wala hata hamkumbuki!

Mtahini akashika kalamu. Kijana akanawa mikono, akavuta kiti mpaka ubavuni pa kitanda.

"Pole sana, dada. Maumivu yalianzia wapi?"

"Kitovuni. Sasa yamehamia huku kulia."

Alisikiliza bila kumkatiza. Alisugua viganja vipate joto kabla ya kumgusa, akabonyeza taratibu huku akimtazama usoni. "Usiogope. Nadhani ni kidole tumbo. Namwita daktari wa upasuaji sasa hivi, na sitaondoka hapa mpaka afike."

Sitaondoka hapa! Mshonaji aliuma shuka asipige kelele. Alikuwa amejiandaa kumwona akibabaika, na akibabaika, pengine angemhurumia. Lakini kijana hakukosea hata kitu kimoja.

Alipotoka, mtahini alikuwa anatabasamu. "Huyu je? Ungekubali akutibu?"

"Hapana."

Tabasamu likapotea. "Hapana? Mbona kafanya kila kitu sawasawa?"

"Nimeona," mshonaji alisema, akiketi na kujifuta machozi kwa shuka. "Alimuua mdogo wangu kwa ugonjwa huu huu. Mama yangu alimsamehe akidhani hajui."