Mshale wa Pili

Wifi yangu na mimi tulikuwa paka na panya tangu kaka alipomwoa. Mwanamke gani anashinda kwenye ghala la makumbusho, kainamia bunduki kuukuu zisizolia tena? Basi siku ile nilimvulia kofia.

Mtaa mzima ulidai kwamba babu aliiba bunduki jeshini. Baba kakua akiitwa mtoto wa mwizi. Sasa miguu imeanza kumkataa, na anachotaka kabla hajafumba macho ni kimoja tu: bunduki ile itundikwe makumbusho, jina la babu chini yake. Lakini ikionekana ni ya wizi, serikali itaichukua, na aibu tutabaki nayo sisi.

Wifi aliilaza bunduki mezani, mimi na baba tukitazama, akapapasa kitako cha mbao. Mahali pamoja pamebonyea, laini kabisa.

"Alama ilikuwa hapa," akasema. "Mshale mmoja maana yake mali ya serikali. Jeshi likiiachia kihalali, wanagonga wa pili, ncha zigusane. Nani kapiga msasa?"

"Si kuing'arisha tu!" nikafoka. "Kosa liko wapi?"

"Wifi, pumzisha hilo domo."

Baba akainama. "Ni mimi. Kila nikitukanwa, nausugua ule mshale uishe. Sikuangalia kama ni mmoja au miwili."

Maskini baba! Na sisi tulidhani anaing'arisha kwa mapenzi.

Nikajua mambo yameharibika. Thubutu! Wifi alifungua skrubu, akatenganisha mbao na chuma, akafuta grisi iliyoganda tangu enzi za babu. Hakumulika kwa juu. Tochi aliilaza ubavuni ili kila mkwaruzo utoe kivuli, akawa anageuza mtutu kidogo kidogo, subira ya ajabu, hata kupepesa macho hapepesi.

"Baba, lete kidole."

Chini ya mtutu, msasa usikofika, kulikuwa na mshale. Mbele yake mwingine, ncha kwa ncha.

"Waliiachia wenyewe," akasema wifi. "Babu hakuiba."

"Wewe mwanamke ni kiboko!" Nikamkumbatia, grisi na vyote.

Baba hakucheka. Kidole kilibaki pale pale kwenye chuma.

"Nisamehe, Baba," akakiambia kile chuma, kama anamwambia babu. "Na mimi niliwaamini."

Wifi akajifuta macho kwa kiwiko, akachukua kalamu. "Jina lake lote, Baba?"

Dirisha lilikuwa wazi. Baba akalitaja kwa sauti mpaka wapita njia wakageuka.