Chawa wa Mama Teófila

Jioni hiyo Nélida alikuwa anakuna nazi ya kupikia kamba. Marehemu mama yake akaingia, akaketi kwenye kigoda chake, akauliza, "Jina langu limekuja?"

"Bado, mama."

"Haya. Chumvi usizidishe kama jana."

Kando ya mto Guapi marehemu huondoka siku ya tisa: madhabahu ya msiba hubomolewa, watu husogea kando mlangoni, naye hupita. Mama Teófila alipofunguliwa njia alikataa katakata. Daktari mmoja, mtaalamu wa wadudu, alikuwa amemwahidi jina, na ahadi ni deni.

Enzi za ahadi hiyo Nélida alikuwa bado anasukwa nywele miguuni pa mama. Daktari Lisandro alikuja kutoka mji wa Cali na mwavuli mweupe. Mama akamwonyesha vijidudu vinavyogonga kwenye makuti ya paa jua likizama. Akayachapa makuti huku akiimba, vikaangukia kwenye mwavuli uliopinduliwa: wale waitwao chawa wa vitabu, wasiowahi kuona kitabu. Daktari alicheka mpaka machozi. "Mama, hawa ni wapya kabisa duniani. Nitawaita kwa jina lako." Ee, siku zile zilikuwa tamu jamani!

Mama alipozidi kuuliza, Nélida akafunga safari hadi Cali. Daktari, sasa mzee, hakumficha: chawa walipewa jina la mke wa mkurugenzi wake.

"Basi badilisha."

"Haibadiliki, binti. Katika uainishaji wa viumbe, jina lililochapishwa kwanza ndilo hubaki."

"Hata likiwa la dhuluma?"

"Hata hivyo."

Kabatini, chawa waliobanwa kati ya vioo miaka yote ile walikuwa wanagonga: Te-ó-fi-la. "Hawajakoma tangu msiba wenu," daktari alisema, akajiziba masikio kwa pamba.

Nyumbani, Nélida alimweleza mama yote. Mama alilia kidogo. Juu yao makuti yakaanza kugonga: Te-ó-fi-la. Mama akasikiliza mpaka mchuzi ukapoa.

"Hawa angalau wana adabu," akasema, akainuka. Nélida akasogea kando mlangoni, akampisha.

Majirani wote sasa wameezeka bati. Nélida hataki, ingawa mvua inamvujia kitandani. Vitabuni chawa wangali wanaitwa kwa jina la mama mmoja wa Cali ambaye Guapi hakuwahi kuikanyaga. Jioni paa likiita, Nélida huweka nazi chini.

"Abee," huitikia. "Hayupo. Ameshatoka."