Kibandiko cha Prosesa

Wazazi wenzangu, msinunue kompyuta kwa kusoma kibandiko kama mimi. Binti yangu anahariri video za harusi. Aliniomba kompyuta ya mezani, nikamletea laptopu, maana kibandiko cha prosesa, ubongo wa kompyuta, kilikuwa na jina lile lile la ile ya mezani.

"Mama, jina moja, nguvu tofauti," alisema. "Hii haina nafasi ya kupoa kama ya mezani. Ikichemka inapunguza mwendo."

"Acha kudeka!" nikamjibu, nikaitandikia mto isichubuke.

Leo bibi harusi kaja kuchukua video. Laptopu inaunguruma juu ya mto wangu, kazi haijafika nusu. Kaondoka akisonya. Binti yangu alimwomba radhi, wala hakunitaja. Nimeuondoa mto kimya kimya. Bado una joto.