Mdomo wa Bibi Mwaija

Siku vyungu saba vilipopasuka motoni kwa mpigo mmoja, tulijua tu: kuna mwanamume ameshuka shimoni.

Kwetu, huko nyuma ya Kwaluguru, udongo wa kufinyangia ni wa wanawake. Mwanamume hakanyagi bondeni lilipo shimo la udongo. Akikanyaga, vyungu vinapasuka. Wanaume wetu waliliogopa bonde lile kuliko walivyomwogopa simba, maana simba hamnyimi mtu ugali.

Basi mama zetu wakashuka kuangalia. Lo! Vigingi! Vimepangwa mistari bonde zima, kila kimoja na namba yake ya rangi nyekundu. Ulikuwa mwaka wa sabini na nne, wa Operesheni Vijiji, na bwana Dunstan, kijana aliyeletwa kutoka Korogwe kutupimia kijiji cha ujamaa, alikuwa amekwisha onyeshwa mahali. Wazee walimwonyesha kwa fimbo, wamesimama juu mlimani, hata mmoja hakushuka. Ukiwa juu, bonde lilionekana kavu, safi, tambarare kama mkeka. Masika wanaume hawakupanda hata mlima ule, na mwezi wa tisa nani angelikataa?

Sisi tulilijua wakati wa masika. Maji kifuani! Na kigingi namba kumi na moja, kwenye mdomo wa shimo lenyewe, kilikuwa cha nyumba ya dada yangu Zamda, mwenye mimba yake ya kwanza. Tulihesabu miezi kwa vidole: atajifungua mwezi wa nne, mvua ikiwa imepamba moto.

"Si mseme?" nikawauliza mama zetu.

"Nani aseme?"

Hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Habari za shimo hazisemwi mbele ya wanaume, isipokuwa na mwanamke aliyekwisha koma kuzaa. Na wa namna hiyo tulikuwa naye mmoja tu aliyesikilizwa mkutanoni, bibi yangu Mwaija. Naye alikuwa hana jino wala sauti. Akiwa na neno, ananinong'oneza sikioni, mimi nasimama nalisema. Nilikuwa na miaka kumi na sita na darasa la nne kichwani, na kazi yangu duniani ilikuwa kuwa mdomo wa bibi.

Siku ya mkutano tulijaa uwanja wa shule. Bibi alifika, akakaa, akafumba macho, akaanza kukoroma. Nikamfinya. Wapi!

Bwana Dunstan akasimama na karatasi zake. Nyuma yangu wazee wakaanza.

"Huyu ndiye serikali?"

"Ndiye."

"Mbona hana hata ndevu?"

"Zitaletwa na gari la kesho."

Maskini Dunstan akasikia, masikio yakamwiva. Kila alichosema mzee, yeye akajibu, "Ndiyo, mzee." Mwenyekiti wetu, mzee Mdoe, akatangaza kwamba Jumatatu watu wote wanahamia bondeni. Nikanyosha mkono.

"Shusha mkono, Hajira. Hapa si darasani."

"Mzee, nina neno."

"Likuze kwanza neno lako. Likiota mvi, uje nalo."

Watu wakacheka, hata Zamda mwenyewe akacheka! Hasira zikanipanda mpaka kwenye nywele. Na hapo hapo bibi akazinduka, akanivuta kanga, akaninong'oneza, "Ugoro wangu umeuweka wapi?"

Nikasimama wima kama askari.

"Bibi Mwaija anasema!"

Uwanja kimya. Hata mbuzi walinyamaza, naapa.

"Bibi anasema, bonde mlilochagua ni bonde la udongo. Anasema masika linajaa maji mpaka kifuani. Anasema nyumba za udongo mtakazojenga zitarudi kuwa udongo. Anasema mmechagua kwa fimbo, na fimbo haina macho. Anasema kijiji kikae mgongoni mwa mlima, karibu na chemchemi, na Jumatatu asihame mtu!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Mzee Mdoe akanyosha mkono, vikakatika.

"Hajira, bibi yako amenong'ona maneno manne. Wewe umetoa hotuba."

"Ni Kizigua cha zamani, mzee. Kilikuwa kinashindiliwa, neno moja linabeba kumi."

"Mimi nimezaliwa nacho. Bibi! Nataka nisikie kwa kinywa chako mwenyewe. Umesema hayo?"

Akisema ugoro tu nimekwisha, na Zamda anahamia ziwani! Bibi akatafuta fimbo yake, akainuka kidogo kidogo, akamtazama Mdoe.

"Mdoe," akasema, na sauti, jamani, sauti ilikuwepo! "Ulipozaliwa nilikupokea mimi. Ulitanguliza miguu. Mpaka leo unatanguliza miguu, kichwa kinafuata nyuma."

Uwanja ukalipuka. Dunstan alicheka mpaka karatasi zikamtoka.

"Yaliyosemwa ndiyo niliyosema. Na leo nawapa wanaume ruhusa. Shukeni mkaone."

Tukashuka mbio, kijiji kizima! Wanaume walipofika ukingoni wakasimama, kila mmoja anamsukuma mwenzake atangulie. Aliyetangulia ni Dunstan. Akaenda hadi kigingi namba kumi na moja, penye mti wa mgunga, na pale akaganda. Kwenye magome ya mgunga palikuwa na tope kavu la masika yaliyopita, limechora mstari mzunguko mzima. Akajisogeza, akasimama sawa na mti. Mstari ukamfika kwenye kifungo cha pili cha shati.

"Mzee mwenyekiti," akasema, na mara hii hakusema ndiyo, "mimi ni mrefu kuliko wewe."

Mzee Mdoe akashuka. Akasimama penye mti. Mstari ukamfika shingoni. Akainama, akang'oa namba kumi na moja kwa mikono yake mwenyewe. Loo, tulivyogombania vilivyobaki! Hadi jua linazama vigingi vyote vilikuwa mgongoni mwa mlima.

Njiani nyumbani bibi alinishika bega.

"Bibi," nikamwambia, "nilidhani umelala."

"Nilifumba macho. Masikio hayana kope." Akatembea hatua chache. "Maneno yalikuwa mazuri. Siku nyingine uniambie mapema, nisije nikakupinga."

"Nikikwambia mapema, utasema mwenyewe?"

"Ya nini, nami nina mdomo wa darasa la nne? Haya, lete ugoro."

Zamda alijifungua mwezi wa nne, mvua inanyesha siku ya sita. Mtoto wa kike. Mzee Mdoe alikuja kumwona, akaipokea shikamoo yangu kwa mikono miwili, kisha akasimama mlangoni akitazama bondeni, ambako bata wa mwituni walikuwa wanaogelea mahali ambapo ingekuwa nyumba namba kumi na moja.

"Hajira," akasema, "bibi yako anasemaje kuhusu mahali pa kujenga zahanati?"

Bibi alikuwa amelala chumba cha ndani, fofofo.

"Ngoja nimuulize," nikasema.