W ya Nduna Nditi

Walburga alifika mapema kukiona kibao cha babu yake, kabla wageni wa uzinduzi hawajaanza kuja. Alikuwa amevaa kitenge kipya na moyo wake mweupe. Kibao kilikuwa kando ya barabara pale Bombambili, ubao mzuri wa mninga uliopigiliwa herufi za bati. Akasoma. Akarudia, akidhani macho yanamchezea. HAPA ALINYONGA NDUNA NDITI, 1906.

"Sixbert! Umemfanyia nini babu yangu?"

Sixbert, seremala wa Mjimwema, alikuwa akipangusa vumbi kwenye ubao. "Mama, ubao ulikuwa mfupi. Nikaona W moja ikikosekana haiwezi kuleta ugomvi."

Haiwezi! Nduna Nditi, jemadari wa Kingoni, alinyongwa na Wajerumani kwa kukataa kutawaliwa, na sasa fundi huyu alikuwa amemkabidhi kamba awanyonge wenzake. Na saa nne mgeni rasmi angeyasoma hayo kwenye kipaza sauti, mbele ya ukoo mzima. Mwendesha baiskeli mmoja akasimama, akasoma, akauliza, "Alinyonga nini, Mama? Baiskeli?" Akaenda zake akicheka. Walburga akamgeukia Sixbert.

"Kata W nyingine basi."

"Mkasi wa bati nimeuacha nyumbani. Nikienda mpaka nirudi, hotuba zimekwisha."

Wakiwa katika hali hiyo akatokea Muhsini, mfanyabiashara wa Tunduru aliyefungua duka mjini tangu serikali iliporuhusu biashara huria. Ubao na bati alitoa yeye, ndiyo maana mstari wa chini ulisema: KWA HISANI YA DUKA LA MUHSINI. Tuseme kweli, mstari huo ulikuwa mrefu kuliko wa marehemu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Njoo uone aibu, mwanangu."

Muhsini akasoma, akaguna. Kisha akautazama mstari wake kama mtu anavyomtazama mbuzi wake aliyemnenepesha, siku ya kumchinja.

"Ng'oa W yangu," akasema.

"Utasomeka KA HISANI," Sixbert akamwonya.

"Na nisomeke. Wallahi, wakishacheka watauliza duka lenyewe liko wapi."

Sixbert akang'oa, akaisogeza A, akapigilia. W ilikaa upande kidogo, lakini ilikaa. Walburga akapiga makofi, akaanza kusoma kwa sauti: "Hapa alinyongwa..." Hakuweza kuendelea. Asubuhi yote alikuwa akiigombea herufi, na ilipopatikana ndipo ilipomwingia kwamba maana yake ni kamba shingoni mwa babu yake. Akalia waziwazi. Nyumbani kwao kifo kile kilisimuliwa kwa majivuno siku zote, maana mwaka ule aliyewalilia hadharani walionyongwa alijitafutia balaa kwa Wajerumani.

Muhsini akavua kofia. "Pole, Mama. Pole sana kwa msiba."

Sixbert naye akampa pole. Wageni waliokuwa wakifika wakadhani huo ndio utaratibu, wakapanga mstari, mgeni rasmi akiwa kati yao, wakampa mkono mmoja baada ya mwingine. Walburga akawajibu wote, "Nimeshapoa," huku akifuta machozi na kutabasamu. Tangu babu yake auawe, hakuna mtu aliyewahi kuja kuwapa pole.