Maganda ya Vitunguu

Wiki tatu mfululizo Zebiniso alitia maji ya vitunguu kwenye visahani vya bakteria, pale maabara ya mji wa Margilan, na bakteria wakanawiri kama waliokaribishwa karamu. Alikuwa akitafuta flavonoidi, kemikali za mimea zinazotoboa utando wa seli ya bakteria. Vitunguu alivimenya mwenyewe mpaka vikawa vyeupe pe, maana ndivyo mama mkwe wake, Oyimhon, alivyomfunza tangu alipoolewa. Maganda alimpelekea huyo huyo Oyimhon, ayachemshe apate rangi ya manjano ya kutilia nyuzi za hariri.

Jioni moja Zebiniso aliinamia sufuria ya rangi uani.

"Mama, haya maji ya lini? Mbona hayanuki?"

"Ya wiki iliyopita. Maji ya maganda yanaoza lini, we mtoto?"

"Na joto lote hili?"

"Hata lizidi."

Zebiniso akachota kikombe kizima.

"We! Rangi yangu hiyo!"

Kesho yake, kila alipodondosha tone la rangi ile, bakteria hawakuota kabisa. Kwenye hadubini seli zao zilikuwa zimetoboka na kusinyaa, vya ndani vimemwagika nje. Alirudi nyumbani mbio kumweleza mama mkwe.

Oyimhon alicheka mpaka akashika mbavu.

"Kwa hiyo wiki tatu dawa unaniletea mimi, huko maabara unawapikia bakteria kachumbari?"