Sivai

Dakika ishirini kabla ya mtoto wa dada yangu kubatizwa, Mama alinibana ukutani kwenye ukumbi wa kanisa, pini mkononi. Ni ile pini ya wasiokunywa pombe, ambayo hapa kwetu Mayo watu huitafuta kwenye koti lako kabla hawajakutazama usoni. Niliivaa miezi kumi na minne. Kisha nikaanguka: chupa nzima ya wiski, jikoni kwangu, bila hata msiba wa kusingizia. Kesho yake nilirudi kwenye kikundi chetu cha wanaoacha pombe nikawaambia. Sasa nilikuwa na siku tisa bila kunywa.

"Tulia nikubandike," Mama akasema. "Nani atajua?"

"Mimi."

"Wewe na kujua kwako! Kumekufikisha wapi?"

"Sivai, Mama. Miaka kumi nilikuwa naficha chupa ndani ya mashine ya kufulia. Kuficha kulinimaliza kuliko hiyo wiski."

"Basi humshiki mtoto. Binamu yako Attracta amevaa yake, atasimama yeye."

Hapo roho iliniuma kweli. Nilitaka kuwa mama wa ubatizo wa mtoto yule kuliko nilivyowahi kutaka kinywaji. Ningeweza kuipokea pini nikanyamaza, na hakuna ambaye angenisuta. Lakini nilijijua: nikidanganya asubuhi, jioni nimelewa.

Nikaingia kanisani moja kwa moja hadi benchi la mbele, alipokaa dada yangu Sorcha na kichanga chake.

"Sorcha, nilikunywa tena. Nina siku tisa tu. Mama anataka Attracta asimame badala yangu. Mtoto ni wako, amua wewe."

Sikunong'ona. Watu wa mabenchi mawili nyuma yetu waliinua vichwa, na Padri Cathal akaanza kupekua kitabu chake kama aliyepoteza ukurasa. Mama alikuwa ameshanifikia.

"Msimsikilize," akasema. "Ana homa huyu, tangu jana."

Sorcha akamgeukia binamu yetu, aliyekaa kando yake.

"Attracta, umewahi kuanguka?"

"Mimi? Hata siku moja!"

"Basi kaa, mpenzi."

Akanipa mtoto. Nikampokea, na sikujali nani anaona.

"Sorcha!" Mama akafoka. "Watu watasemaje?"

"Waseme. Mtoto huyu naye siku moja akianguka, atamkimbilia nani? Wewe utawaambia watu ana homa."